Mwaka Nilioogelea kwa Majina Mawili

Tulimzika Mwalimu Barasa mwezi uliopita, nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Aliyesoma wasifu wake alisema marehemu alifundisha hisabati kwa miaka mingi, akafuga ng'ombe wa gredi, akawa mzee wa kanisa. Kuogelea hakukutajwa hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wanafunzi wake wa zamani, na nilipopewa maikrofoni nikasema alikuwa mkali na mwenye haki. Watu wakaitikia, nikarudi kuketi. Mwenye haki. Nilikula wali wa matanga nikilitafuna neno hilo pamoja nao, maana lilikuwa kweli siku zote isipokuwa siku moja, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa majini. Sasa nimevuka hamsini, wanangu wamekua, na sioni tena ninachookoa kwa kunyamaza. Nikifa bila kulisema hili, litabaki limeandikwa vibaya mahali fulani, na mimi tangu utotoni sipendi kitu kilichoandikwa vibaya.

Mwaka wa themanini na tisa nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana pembeni mwa Kitale, upande wa barabara ya Endebess. Mjini kulikuwa na klabu yenye bwawa la kuogelea. Walowezi waliijenga, na walipoondoka wakaingia wenye mashamba makubwa, mameneja na mawakili. Sisi tuliijua kwa ua wake tu. Mwalimu Barasa, ambaye alijifunza kuogelea mtoni Nzoia na sidhani kama aliwahi kuwa na kaptura ya kuogelea, alivaa tai akaenda kuwaomba wanakamati watupe bwawa. Alirudi na barua, akatusomea bwaloni tukiwa na sahani za githeri, mahindi na maharagwe, mkononi: wasichana sita, saa moja kila Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kwa muda wa mwaka mmoja. Kisha akaikunja barua na kutuambia lile ambalo halikuandikwa. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amemwambia, wakiagana, kwamba kila mwaka kuna mashindano ya shule za wasichana kule Bungoma, na kuna kikombe. Tukirudi nacho, saa yetu itabaki. Tusiporudi nacho, watapewa wengine. "Kwa hivyo hakuna maneno mengi," Mwalimu alisema, akitazama juu ya vichwa vyetu. "Tunataka kire kikombe." Wasichana wengine walicheka ile "kire" yake, kwa sababu Mwalimu alikuwa Mbukusu halisi na herufi ra na la kwake zilikuwa ndugu wasiogombania nguo. Mimi sikucheka. Nilikitaka kile kikombe kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na kabla ya siku ile sikujua hata kama kipo.

Kitale iko juu, na maji ya saa kumi na mbili asubuhi hukuuma meno kabla hujafungua kinywa. Tulivua nguo katika chumba chenye vigingi vya mbao na kioo kilichopasuka, kikinuka dawa ya maji na viatu vya watu wa gofu, tukavaa kostumu tulizoshonewa na fundi wa sokoni ambaye hakuwahi kushona kitu cha kuingia majini. Kitambaa kilinyonya maji, na ukipiga mbizi unatoka na lita tano tumboni. Saa ikiisha tulipita nyuma ya jikoni, ambako mpishi alikuwa akikata kingo za mkate wa wanachama, kwa kuwa wanachama hawakula kingo. Alituwekea kwenye karai pamoja na birika la chai ya maziwa, na sisi tulizila tukiwa tumesimama, tukitetemeka, nywele zikichuruzika. Hadi leo nikiona mkate umekatwa kingo naona umedhulumiwa. Tulianza sita. Kufikia Juni baridi ilikuwa imetuondolea wanne, nikabaki mimi na Nasimiyu, aliyelala kitanda cha juu yangu bwenini. Nasimiyu aliogelea kama mtu anayevuka barabara na gunia kichwani: polepole, macho mbele, bila kusimama. Hakukosa Jumamosi hata moja. Mimi nilikuwa na kasi na nilijua, nikawa na ulimi wa mtu mwenye kasi. Nilimwambia mara nyingi kwamba akianza Jumatatu atafika Jumatano, naye alicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kabla ya hapo, muhula wa kwanza, tulikuwa tumeshindana pale pale klabuni na shule moja ya kulipia. Mbio za chali, zile zinazoitwa mgongo, nilipangwa kando ya msichana mrefu aitwaye Cherop, ambaye babake alikuwa meneja wa shamba huko Endebess. Filimbi ikalia, nikajisukuma ukutani, nikatupa mikono nyuma kama nilivyofundishwa, na nilipogeuza macho kumtafuta Cherop sikumwona. Hakuwa nyuma wala kando. Alikuwa chini. Alikuwa amelala chali chini ya maji, mikono imenyooshwa, akipiga miguu yote miwili pamoja, na aliibuka akiwa amepita nusu ya bwawa, akanishinda kwa urefu wa mwili wake mzima. Nilitoka majini nikipiga kelele kwamba si haki, kwamba huyo hakuogelea. Mwalimu Barasa alikwenda mezani kwa mwamuzi, nami nikamfuata nikisikiliza. "Hiyo si kuogerea, bwana! Hiyo ni kuzama na kutokea!" Mwamuzi alifungua kitabu cha sheria, kichakavu, kimefungwa kwa mpira, akapitisha kidole polepole. "Kitabu kinasema awe chali mwanzo hadi mwisho. Alikuwa chali. Hakisemi lazima tumwone." Mwalimu, badala ya kugomba, aliomba aazimwe kile kitabu, na wiki nzima nilimwona ofisini wakati wa chakula cha mchana akikinakili neno kwa neno katika daftari la miraba la hisabati, uji ukipoa kando yake. Siku aliyomaliza aliniita. "Nanjala," alisema, "kama mrango uko wazi kwa kira mtu, na sisi tunapita."

Basi nikaanza kujifunza kukaa chini ya maji. Pumzi niliizoeza kwenye sala za mwalimu mkuu kabla ya chakula, ambazo zilikuwa ndefu, na mara moja niliona nyota kabla ya "amina" nikashikwa na Nasimiyu kwa kola. Lakini pumzi haikuwa shida. Shida ilikuwa maji kuniingia puani hadi kisogoni. Jumamosi moja nilikuwa nakohoa pembeni mwa bwawa nikasikia mtu anacheka. Cherop alikuwa ameletwa na babake mapema, amevaa tracksuti, amechutama ukingoni. "Wewe, unapuliza saa ngapi? Puliza na pua, polepole, usimalize yote. Na mikono ifinye masikio." Nilijaribu. Nilienda hatua tatu zaidi. Alikuja Jumamosi nyingine tatu, akanisimamia kama mwalimu, na siku ya mwisho nikamuuliza mbona ananionyesha na yeye ndiye nitakayeshindana naye. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Si kila mtu anaruhusiwa? Sasa nikikushinda na kitu wewe hujui, nimeshinda nini?" Nilikunywa chai yangu, nikamchukia kidogo, nikampenda kidogo.

Septemba majina yakatakiwa Bungoma, na Mwalimu akayatuma kwa simu ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nilikuwa nje ya mlango na rundo la madaftari, na laini ilikuwa mbaya kiasi kwamba nadhani hata wapishi walisikia. Mbio zilikuwa tano: mgongo, kipepeo, chura, na mtindo huru mrefu na mfupi. Kila shule ilileta mtu mmoja kwa kila mbio, na hakuna aliyeruhusiwa kuogelea zaidi ya tatu, ili shule yenye nyota mmoja isije ikabeba kikombe peke yake. Mpango wa Mwalimu ulikuwa kuandikisha jina langu, Rael Nanjala, kwa zote tano, kisha asubuhi ya mashindano, baada ya kuona wengine wamemleta nani, aniachie tatu na mbili ampe Nasimiyu. "Mgongo, Lael Nanjala," alipiga kelele. "Ndiyo. Kipepeo, Rael Nanjala. Nani? Lael! Herufi ya kwanza kama ya Losa! Losa, ile maua!" Karani wa upande wa pili alikuwa mtu wa Bungoma pia, namsikia mpaka leo akiitikia kwenye ule mkwaruzo wa simu, "Sawa, Lael," "Sawa, Rael," na sidhani kama yeyote kati yao aliona kuna la kusahihisha. Mimi niliyaweka madaftari sakafuni na kucheka hadi machozi. Nilimsimulia Nasimiyu usiku wote huo, na kwa wiki nzima akawa ananiita Losa.

Tuliingia Bungoma Ijumaa mchana, tukafikia kwa mamake Mwalimu, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Nyumba yake ilikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma migongoni na picha ya Mwalimu akiwa kijana mwembamba. Alitupikia ugali wa wimbi na kuku, akatuuliza kama ni kweli watoto wa watu wanashindana na samaki, na Nasimiyu akamfuata jikoni nje kumsaidia kuosha sufuria. Nilibaki sebuleni nikikausha sahani. Mwalimu alikuwa mezani na orodha aliyoichukua kwa waandalizi, karatasi ya stensili yenye wino wa buluu, na nilimsikia akicheka kidogo kwa pua. "Nanjala. Kuja hapa. Soma." Nikasoma. Mtindo huru mrefu, Rael Nanjala. Kipepeo, Rael Nanjala. Mgongo, Rael Nanjala. Chura, Lael Nanjala. Mtindo huru mfupi, Lael Nanjala. Akafungua daftari lake la miraba mahali alipoandika sheria za mashindano yale, akaniwekea kidole chini ya mstari: hakuna jina litakaloonekana katika orodha ya mwisho zaidi ya mara tatu. "Rinasema jina," alisema. "Harisemi mtu. Wewe ni wangapi?" "Mmoja, Mwalimu." "Kitabu kinaona wawiri. Na si mimi niriandika."

Nitasema kweli: nilifurahi. Nilifurahi hadi vidole vikawasha. Yule yule aliyepiga kelele "si haki" mbele ya klabu nzima aliona mbio tano badala ya tatu, akaona kikombe mezani kwa mwalimu mkuu, akaona Jumamosi zake zimelindwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikauliza, kwa sauti ya chini kwa kuwa nilimsikia Kukhu akimchekesha Nasimiyu pale nje, "Na Nasimiyu?" Mwalimu alivua miwani. Uso wake ulikuwa umechoka. "Nasimiyu ataerewa. Ire saa ya bwawa ni yake pia." Sikubisha. Ningeweza kubisha pale, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, watu wawili tu bila shahidi, na ingekuwa rahisi kuliko yote yaliyofuata. Niliendelea kufuta sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani.

Mashindano yalikuwa kwenye bwawa la klabu ya wafanyakazi wa kiwanda. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, nikahisi nimetiwa kwenye sufuria ya chai baada ya mwaka mzima wa barafu ya Kitale. Muda wa kubadilisha majina ulikuwa hadi saa mbili unusu asubuhi. Nasimiyu alikuwa amekwisha vaa kostumu, taulo limekunjwa vizuri mapajani, akingoja Mwalimu aende mezani kuandikisha kwamba chura na mtindo huru mfupi ni zake. Saa mbili unusu ikapita. Mwalimu alikuwa amesimama mbali akisoma tangazo ambalo halikuwa na maneno mengi kiasi hicho. Nilimwona Nasimiyu akiangalia saa ya ukutani, kisha akimwangalia Mwalimu, kisha akiniangalia mimi, na mimi nikainama kufunga kamba za kostumu. Mtindo huru mrefu nikashinda. Kipepeo nikawa wa pili nyuma ya msichana mmoja wa Webuye mwenye mabega kama ya mvulana. Kwenye mgongo tuliingia chini ya maji pamoja, mimi na Cherop, na nilipofungua macho nilimwona kando yangu akipiga miguu, mapovu yakimtoka puani polepole kama alivyonifunza. Tuliibuka sawia. Alinishinda kwa kiganja, na nakuambia sijawahi kushindwa nikajisikia vizuri namna ile. Hizo ndizo zilikuwa mbio zangu tatu. Nilikuwa nimemaliza.

Kipaza sauti kikasema, "Chura. Leni ya nne, Lael Nanjala." Huyo mtangazaji alikuwa ameniita Lael tangu asubuhi, kwa hivyo hakuna aliyeshtuka. Nikapanda. Cherop, leni ya tano, alinitazama, akatazama orodha iliyobandikwa ukutani, akanitazama tena. Nilimshinda kwa nguvu zangu zote na kwa hasira ambayo sikujua ni ya nani. Nilipotoka, Nasimiyu alikuwa amesimama ukingoni na taulo lake, akanifunika nalo mabega, kwa sababu langu lilikuwa limelowa. "Hongera," akasema. Halafu akauliza, bila kinyongo, kama mtu anayeuliza kama kengele imelia: "Sasa nivae nguo?" Nikawa nashika taulo lake kavu, lililokuwa kavu kwa sababu yangu, na Cherop akapita nyuma yetu akikamua nywele. Hakupaza sauti. "Rael. Mimi nilikufundisha yangu. Hii yako utanifunza lini?"

Nilienda mezani nikiwa nachuruzika maji. Sikumuuliza Mwalimu ruhusa. Mwamuzi mkuu alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya jua, na wenzake wawili kando yake wakinywa soda. Nikasema, "Shikamoo mzee. Rael Nanjala na Lael Nanjala ni mimi. Nimeogelea mara nne. Naomba ile ya chura iondolewe." Mwalimu alikuwa amefika nyuma yangu, nilimsikia akihema. Mzee akavuta orodha, akavuta kitabu, akasoma kwa muda, akaguna. "Binti, kitabu kinasema jina. Hapa majina ni mawiri. Lael ni Lael," akaweka kidole kwenye R, "na Lael ni Lael," akaweka kidole kwenye L. Hakuna mtu duniani ambaye angesikia tofauti. Nikasema, "Lakini ni mimi, mzee. Mtu ni mmoja." Mwenzake mmoja akasema hivyo ni kweli, sheria iliwekwa kuzuia jambo hilo hilo. Wa pili akasema ati wakianza kuangalia nyuso badala ya orodha, mashindano hayataisha. "Basi tupige kula," akasema mzee, na msichana mmoja aliyeketi karibu akageuka haraka kuangalia chakula kiko wapi. Wakapiga kura. Wawili kwa mmoja: matokeo yabaki. Kwa mujibu wa meza, Rael alikuwa muogeleaji mmoja na Lael muogeleaji mwingine. Mwalimu akanishika bega, akaniongoza kando. "Umesema ukweri wako. Wamekataa," alinong'ona. "Umemariza. Sasa ingia maji mbio za mwisho, tuende na kikombe nyumbani. Tuko mbere pointi tatu. Hata ukiwa wa piri kinatosha."

Hesabu yake ilikuwa sahihi; hesabu yake ilikuwa sahihi siku zote. Wa kwanza alipata tano, wa pili tatu, wa tatu mbili, wa nne moja. Cherop akishinda na mimi niwe wa pili, kikombe ni chetu, na wa pili ningekuwa hata nikiogelea nimesinzia. Nilitazama maji. Nilifikiria Jumamosi, kingo za mkate, wasichana wa kidato cha pili waliokuwa wameahidiwa kuanza Januari. Kisha nikafikiria walichoamua wale wazee, nikakigeuza, na kikaingia mahali pake kama ufunguo. Kama Lael si mimi, basi Lael ni mtu mwingine. Na kama ni mtu mwingine, nani amesema ni nani? Nikamkimbilia Nasimiyu, ambaye alikuwa ameshafunga vifungo viwili vya blauzi juu ya kostumu. "Vua," nikamwambia. "Wewe ni Lael." "Mimi ni nani?" "Lael Nanjala. Leni ya tatu. Ni mbio zako." Alinitazama, akamtazama Mwalimu, na naona alielewa kila kitu kwa mara moja, pamoja na saa mbili unusu ile, pamoja na kamba zangu za kostumu. Sikuwa na muda wa kuomba msamaha. Nilimfungua vile vifungo mimi mwenyewe.

Mwalimu alisema, "Nanjala, usifanye hivyo." Nikamwambia, na ndiyo mara ya pekee niliyowahi kumjibu mwalimu, "Mwalimu, meza imesema tuko wawili." Kipaza sauti kikaita Lael Nanjala. Nasimiyu akapanda kwenye kijukwaa, na mzee mwenye kofia akainua macho. Alimtazama Nasimiyu, akanitazama mimi nikiwa nimesimama na taulo kando ya maji, akaitazama orodha yake. Akapuliza filimbi.

Ilikuwa kwenda na kurudi. Cherop alikuwa amegeuka kabla Nasimiyu hajafika nusu. Nasimiyu alienda vile vile alivyokwenda Jumamosi zote, gunia kichwani, macho mbele, na mimi nilikimbia ukingoni sambamba naye nikipiga kelele hadi sauti ikakatika. Kwenye kurudi aliwapita wawili waliokuwa wameanza kwa pupa wakaishiwa. Aligusa ukuta, akainua kichwa, maji yakimtoka kila mahali. "Wa ngapi?" "Wa nne." "Kati ya wangapi?" "Sita." Alicheka kicheko ambacho hadi leo nikiwa na siku mbaya nakitafuta. Kule kwenye benchi Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa daftari la miraba. Tulikosa kikombe kwa pointi moja.

Barua ya klabu ilifika kabla ya kufunga shule, fupi na ya heshima, na bwawa likaenda kwa wengine. Wasichana wa kidato cha pili waliokuwa wakigawa chakula bwaloni walinipa mahindi matupu bila maharagwe kwa wiki mbili, na sikulalamika. Mwalimu hakunisemesha mwezi mzima nje ya darasa. Siku aliyonisemesha alikuwa na barua yake mwenyewe mkononi, akataka niisome kama ina makosa: alikuwa anawaandikia waandalizi wa Bungoma kwamba katika sheria yao waondoe "jina" waweke "mtu", na alieleza kwa ukurasa mzima ni kwa nini, bila kujificha, akitaja kosa lake na shule yake. Nikamwambia haina makosa. "Ungeniambia pare kwa mama," alisema akiikunja. "Ningekasirika, rakini ningesikia." Alikuwa sawa. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa, nikaambiwa na Cherop, maana sisi hatukuwa na maji ya kuogelea tena.

Nasimiyu anaishi Kachibora siku hizi, ana duka la mbegu na dawa za mifugo, na hajawahi kushindana tena popote. Nilimwomba msamaha tukiwa kidato cha nne, nikamwomba tena tukiwa watu wazima, na mara zote mbili alinijibu kwamba alikuwa karibu kumpata wa tatu, ni vile tu ukuta ulikuja haraka. Lakini katika matokeo yaliyobandikwa siku ile, na yaliyotumwa kwa kila shule, mbio zake za pekee maishani zimeandikwa kwa jina langu, tena jina langu lililokosewa. Hakuna meza nitakayokwenda kuomba walisahihishe. Kwa hivyo nalisahihisha hapa, mimi Rael Nanjala, niliyeogelea mara nne siku hiyo na si mara tano: Bungoma, mtindo huru mfupi, leni ya tatu, wa nne kati ya sita, Nasimiyu.